Mgeni wa Nusu Siku: Habari za Kisiwa cha Changuu

Katika makala hii nataka kueleza habari za kisiwa kidogo cha Changuu, kilichoko mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, na desturi iliyoenea siku hizi ya kukizuru kwa muda wa nusu siku. Sikuichagua habari hii kwa kuwa kisiwa hicho hakijulikani. Kinajulikana sana, wala ni shida kumpata mgeni afikaye Unguja asitajiwe kisiwa hicho kabla hajatua mzigo wake. Nimeichagua kwa sababu kinajulikana visivyo, na kosa lenyewe nililikuta mezani pangu, katika madaftari ya wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu ni Kibaha. Mwaka mmoja sisi walimu tuliwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda Unguja, kwenda na kurudi siku ile ile. Tuliporudi niliwapa kazi ya kuandika insha juu ya mambo waliyoyaona Changuu. Karibu wote waliandika kwamba wameliona gereza walimofungwa watumwa, na kwamba wamewalisha kasa wakubwa mno. Maneno hayo yana makosa mawili makubwa, nami siwezi kuwalaumu watoto, kwani ndivyo walivyoambiwa, na mimi nilikuwapo nikisikia, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu siku ile nami sikujua.

Watu wa Kibaha wangefaa kuielewa habari hii upesi kuliko wengine, maana mji wetu wenyewe ni mji wa kupitiwa. Uko katika barabara kuu ya Morogoro, mwendo wa kilomita 40 hivi toka Dar es Salaam. Msafiri aendaye bara hununua maji na korosho dirishani mwa basi, akaendelea na safari. Kwa miaka mingi palikuwapo mizani ya kupimia magari ya mizigo, na madereva wengi wakaujua mji wetu kwa mizani hiyo tu. Ukiwauliza habari za mradi wa nchi za Nordiki ulioanza hapa katika miaka ya 1960, ukaleta shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, kisha ukakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, wengi hawana habari. Kwao Kibaha ni mizani. Hivyo ndivyo tulivyokifanyia kisiwa cha watu.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe tunalomwitia mgeni wa namna hii. Twamwita mtalii. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kukisoma kitu na kukiangalia kwa makini hata ukakijua. Mtu aliyejifungia na kitabu chake yuko katika kutalii. Kiswahili kikalichukua neno, likapata maana ya kuchungua na kupeleleza nchi, na mwisho likamwangukia mtu mwenye kofia pana na kamera shingoni. Sisemi kwamba neno limetumiwa vibaya. Maneno huhama kama watu wahamavyo. Lakini Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya mgeni wa muda mfupi ambayo yalieleza wazi mtu amekaa kiasi gani: aliyepita, aliyeshinda, aliyelala. Mtu akisema, "Nilishinda Changuu," wajua kwamba alikuwapo tangu asubuhi hata jioni. Akisema, "Nilipita Changuu," humwulizi mengi. Akisema ametalii, hujui kama amekaa mwezi au amekaa robo saa. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu haifikii hata hiyo siku ya kwanza, basi jembe litamfikia wapi?

Sasa niieleze safari yenyewe. Mtu atokaye Kibaha hana budi kuondoka kabla ya alfajiri, apate kuiwahi boti ya asubuhi katika bandari ya Dar es Salaam. Boti za siku hizi huchukua muda wa saa mbili hivi kufika Unguja, safari ambayo zamani kwa jahazi ilikuwa amri ya upepo. Ukishuka Malindi hutembea kwa miguu kuelekea Forodhani, na hapo ufukweni mashua ndogo zenye mashine hungoja wageni. Kutoka pale mpaka Changuu ni kilomita 5 na kidogo, mwendo wa nusu saa au chini yake bahari ikiwa shwari. Kisiwa chenyewe ni kidogo sana. Urefu wake ni kama mita 800, na upana wake mahali palipo papana haupiti mita 230. Mtu akiwa na nguvu atakizunguka na kurudi alipoanzia kabla chai yake haijapoa, akiruhusiwa na majabali.

Twatoka bara, au tuseme nusu ya bara, na jambo la kwanza tulilolikosa ni hesabu ya maji. Katika mlango wa bahari wa Unguja tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu. Na katika pwani hii bamvua ina saa zake: maji hujaa kama saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, yakapwa kama saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka; saa nne ya asubuhi maji yamejaa, tena kwa upole. Mvuvi hahitaji kufundishwa jambo hili. Sisi tuliipanga safari kwa kalenda ya shule na ratiba ya boti, tukafika mbele ya kisiwa saa nne ya asubuhi, siku ya bamvua. Mashua ikatia nanga mbali. Watoto wakavua viatu, wakaanza kupita juu ya mawe na mwani, wengine wakiogopa wale wanyama weusi wenye miiba kama sindano, na msichana mmoja alipoteza kiatu tukakitafuta sote. Ikawa karibu saa nzima kabla hatujakusanyika mchangani. Boti ya kurudi ilikuwa saa kumi. Basi yaliyobaki yalifanywa mbio, na katika mbio hizo ndimo yalimopita maneno ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyauliza.

Kijana aliyetuongoza hakuwa mtu mbaya. Wenyeji wa Mji Mkongwe wana jina kali kwa baadhi ya vijana wa kazi hiyo, huwaita papasi, yaani wale wadudu wanaoganda mwilini na kunyonya damu. Lakini huyu alikuwa mpole, na malipo yake yalikuwa ya haki. Aliyajua maneno ambayo wageni hupenda kuyasikia, akatupa sisi yale yale. Alitusimamisha mbele ya jengo la mawe lenye ua, akasema hapa ndipo walipofungwa watumwa, akatuonyesha bahari, akasema hapa ndipo walipopakiwa. Kisha akatutaka tuharakishe kwenda kwa kobe, ambao aliwaita kasa.

Ukweli kuhusu jengo hilo, kwa kadiri unavyojulikana, ni huu. Inasemekana kwamba katika miaka ya 1860 palikuwapo mwenye mali aliyekitumia kisiwa kuwaweka watumwa walioonekana wakaidi, kabla ya kuwauza ng'ambo. Habari hiyo yatosha kumhuzunisha mtu. Lakini jengo lile halikuwapo. Biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1893 kisiwa kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, nchi ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890. Mathews alikusudia kujenga huko gereza la wahalifu wabaya, na jengo likasimama mwaka 1894. Gereza lilikwisha, na wafungwa hawakupelekwa. Kabla halijatumiwa kwa kazi hiyo serikali iliona haja nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni haja ya mahali pa kuwatenga wasafiri wenye maradhi. Jengo likawa hospitali na makazi ya karantini. Kwa hiyo lile liitwalo gereza, na ambalo kwa sababu yake kisiwa kizima huitwa na wageni Kisiwa cha Gereza, halikupata kuwa gereza.

Neno gereza lenyewe lina kisa. Wanaolichungua husema kwamba limetoka katika Kireno, na huko maana yake ni kanisa. Wareno walipotawala pwani hii walijenga maboma, na ndani ya boma au karibu yake palikuwa na kanisa. Wenyeji wakalichukua jina la nyumba moja wakalitia juu ya ukuta wote. Ndiyo maana ile ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza mpaka leo, bila mtu kukusudia kwamba ni nyumba ya wafungwa. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilijengwa na Waarabu wa Omani mahali palipokuwa pamesimama kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ikatumiwa kufungia watu. Kwa njia hiyo kanisa likawa ngome, na ngome ikawa kifungo. Jengo la Changuu limelichukua jina lililo mwisho wa safari hiyo, lisifanye kazi hata moja katika hizo tatu.

Na jina la kisiwa? Changuu, au changu kama tusemavyo wengi, ni samaki. Watu wa Kibaha twamjua vizuri, kwani wachuuzi humleta toka soko la Feri, naye akikaangwa hapiti mtu bila kugeuza shingo. Yasemwa kwamba kisiwa kimepewa jina lake kwa sababu ya wingi wake katika maji ya pale. Katika safari yetu jina hili lilileta kicheko. Mwanafunzi mmoja alimwuliza nahodha wa mashua, mzee wa makamo, "Babu, kisiwa kile cha nani?" Mzee akajibu, "Changuu." Mtoto akasema, "Hongera, babu, una kisiwa!" Mzee alicheka hata akaachia usukani. Mwaka 1923 serikali ilijaribu kukipa kisiwa jina rasmi la Kibandiko, lakini watu hawakulifuata. Ni jambo la kutazamwa na wapenda lugha kwamba jina la amri lilikufa, jina la samaki likabaki vinywani mwa wavuvi, na jina la gereza lisilokuwa gereza likashinda yote mawili katika vinywa vya wageni.

Sasa nije katika karantini, ambayo hasa ndiyo habari ya kisiwa, wala hapana insha hata moja iliyoitaja.

Neno hili asili yake ni ya Kiitalia, na maana yake ni arobaini. Katika karne ya 14, baada ya tauni kuu kuiangamiza Ulaya, mji wa Ragusa, ambao leo waitwa Dubrovnik, uliamuru mwaka 1377 kwamba wasafiri watokao mahali penye ugonjwa wakae nje ya mji siku 30. Baadaye siku ziliongezwa zikawa 40, na idadi hiyo ikawa jina. Watu wa Venice mwaka 1423 walitenga kisiwa kizima katika maji yao kwa wagonjwa wa tauni. Tangu hapo miji mingi ya bandari ilitafuta kisiwa cha namna hiyo: kilicho karibu kiasi cha kupelekewa chakula na kutazamwa kwa macho, lakini kilicho mbali kiasi cha mtu asiweze kutoroka kwa kuogelea usiku. Changuu kina sifa hizo zote. Ukisimama ufukweni mwake wauona mji, wazihesabu nyumba zilizo mbele, na usiku taa zake zaonekana. Nadhani kwa aliyekatazwa kuvuka ilikuwa adhabu ya pili.

Unguja ilikuwa na sababu ya kuogopa. Ilikuwa bandari ya vyombo vya Bara Hindi, Uarabuni na Ghuba, na kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kilikuwa kimewaua watu maelfu kisiwani. Mwaka 1896 tauni ilizuka Bombay, mji uliokuwa na biashara kubwa na Unguja. Tena palikuwa na ndui, na hofu ya homa ya manjano. Vyombo vya matanga havikuja wakati wowote. Vilikuja na kaskazi, tangu Disemba hata Machi, vikarudi na kusi iliposhika. Kwa hiyo ugonjwa nao ulikuwa na msimu wake, na kisiwa kilikuwa na kazi katika miezi ile ile. Chombo kikiingia kikiwa na mgonjwa hakikuruhusiwa kukaribia gati. Bendera ya manjano ilikuwa alama ya shaka katika bahari zote. Waganga walikikagua, na abiria wakashushwa kisiwani, wagonjwa wakatengwa na wazima.

Siku za kungoja hazikuwa za kubahatisha. Kila maradhi yana muda wake wa kujificha mwilini kabla hayajaonekana. Kipindupindu hujitokeza kwa siku chache tu, mara nyingi chini ya siku 5. Tauni hudhihirika kwa muda wa juma moja. Ndui huweza kukaa kimya siku 12 au zaidi kidogo. Anayengojea muda huo upite, na mwili wake ukawa salama, hana haja ya kuzuiwa tena. Ndiyo sababu abiria wa Changuu walikaa kwa kawaida juma moja au mawili. Baadaye kisiwa kikawa kituo cha karantini cha nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Nyumba za kukaa wasafiri zilikuwapo, pamoja na visima na majengo mengine ambayo mgeni wa leo huyapita akidhani ni mabaki ya hilo gereza.

Miezi ambayo vyombo havikuja, kisiwa kilikuwa kitupu, na maofisa wa Kizungu wakakitumia kwa mapumziko, wakivuka kutoka mjini kwenda kuoga na kuvua. Hapo ndipo mgeni wetu wa nusu siku alipozaliwa. Mahali palipojengwa ili watu wazuiliwe wasipite pamekuwa mahali ambapo hapana mtu azuiliwaye zaidi ya chakula cha mchana. Na yule wa kwanza, aliyezuiliwa kwa nguvu juma mbili, bila shaka alikijua kisiwa kuliko sisi. Alijua upepo wageuka saa ngapi, alijua mti upi una kivuli cha alasiri. Alikuwa mtalii kwa maana ile ya Kiarabu, ingawa hakupenda.

Nilishangaa zaidi nilipokumbuka kwamba wanafunzi wangu walilijua neno karantini vizuri sana. Mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Tanzania, shule zilifungwa mpaka mwezi wa Juni, na wasafiri waliotoka katika nchi zenye ugonjwa waliamriwa kutengwa siku 14. Watoto hawa walikuwa wadogo wakati huo, na neno waliliimba kama wimbo. Wakapita mbele ya kuta za karantini yenyewe, za mawe na chokaa, bila kutambua kwamba ndiyo hiyo. Kungekuwa na mtu wa kuwaambia neno moja tu, wangeelewa kisiwa kizima kwa mara moja.

Niseme pia habari za kobe, kwa kuwa kwa wageni wengi wao ndio kisiwa. Kwanza, si kasa. Kasa ni mnyama wa baharini. Miguu yake imekuwa kama makasia, huja nchi kavu kutaga tu, na hawezi kukirudisha kichwa ndani ya gamba. Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu minene yenye kucha, naye akishtuka hujifungia nyumbani mwake. Ziko lugha zinazotumia jina moja kwa wote wawili, na waongozaji waliozoea kusema na wageni wa lugha hizo huanza kuwachanganya hata katika Kiswahili, ambacho kilikuwa na majina mawili tangu zamani. Ni hasara ndogo, lakini ni hasara. Mtoto wa Kisarawe au Kibaha ambaye nyanya yake amemsimulia hadithi za Kobe na Sungura toka utotoni asingefaa kurudi toka Unguja akimwita kobe kasa.

Hawa wa Changuu ni jamii ya kobe wakubwa ambao kwao hasa ni Aldabra, kisiwa kilicho upande wa Shelisheli. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wanne. Wakazaana vizuri, na kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wizi ukaanza. Kobe huuzwa ng'ambo kwa watu wapendao kufuga wanyama wa ajabu, na wengine huliwa. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990 kama 50. Na mwaka 1996 walikuwa 7 tu. Mwaka huo huo waliletwa watoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakatoweka. Baada ya hapo ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kuwatunza wanyama, ilipojenga ua mkubwa na kuweka ulinzi. Ua huo ambao wageni huulalamikia kwamba umewafunga wanyama ndio uliowabakiza. Ajabu ni kwamba katika kisiwa kilichojengewa gereza lisilopata mfungwa, walioishi ndani ya kuta ni kobe.

Kobe hawa huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na dume mkubwa hufika kilo 250. Juu ya magamba yao zimeandikwa namba kwa rangi, kuonyesha umri. Mtu asizichukue namba hizo kama cheti cha kuzaliwa, maana mistari ya gamba husagika kwa uzee, na kwa kobe mkongwe umri ni makisio. Wanafunzi waliwalisha mchicha, wakawasugua shingo, na wanyama wakanyosha shingo zao juu kwa raha. Sehemu hii ya safari haikuwa na makosa yoyote, isipokuwa mvulana mmoja aliyetaka kuwapanda akaonywa.

Vile visiwa vingine vilivyo jirani nitavitaja kwa haraka tu. Chapwani kina makaburi ya mabaharia Waingereza, wakiwamo wa manowari ya Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg katika bandari ya Unguja mwezi Septemba mwaka 1914. Bawe kilitumiwa na kampuni ya nyaya za simu zipitazo chini ya bahari. Chumbe, upande wa kusini, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na tangu mwaka 1994 miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa kwa sheria. Mtu mwenye siku moja asijaribu kuvizuru vyote.

Mwaka uliofuata tuliomba ruhusa kwenda tena. Safari hii mwenzangu afundishaye jiografia alitafuta siku ya mwezi nusu, na tulipofika saa nne maji yalikuwa yamejaa. Mashua ikapanda mpaka mchangani, na watoto wakashuka bila kulowesha magoti. Tulikuwa na saa tatu kamili. Hatukumkataa mwongozaji, tulimpata mwingine, na kabla hatujaondoka ufukweni nilimwomba atuonyeshe kwanza nyumba za karantini, na kobe mwisho. Alinitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, hayo hapana aulizaye." Lakini aliyajua. Alitupeleka akatuonyesha mahali abiria walipokaa, akatueleza mambo ambayo, kwa maneno yake, aliyasikia kwa babu yake aliyefanya kazi ya kuvusha mashua. Mengine siwezi kuyathibitisha, basi siyaandiki hapa. Niliwakalisha wanafunzi chini ya kivuli, nikawaambia wautazame mji ng'ambo kwa muda wa dakika kumi bila kusema, kisha kila mmoja akadirie angeweza kungoja siku ngapi.

Insha za mara hii zilikuwa na makosa yake. Wako walioandika kwamba watumwa waliwekwa karantini, na mmoja aliandika kwamba kobe wanne waliletwa na Sultani. Lakini neno karantini lilikuwamo katika karibu madaftari yote, na neno kasa halikuwamo. Yule mvulana wa hongera, ambaye sasa alikuwa kidato cha nne na alikuja nasi kama msaidizi, aliomba naye aandike, ingawa hakulazimishwa. Juu ya ukurasa aliweka kichwa cha habari, "Kisiwa Changu," kwa herufi moja ya u. Nilichukua kalamu nyekundu niongeze ile u ya pili, kisha nikaendelea kusoma bila kuiandika.